Baba alivuja damu kwa dawa ya kuzuia damu kuganda: gharama yake tuihesabu vipi?

Kitindamimba aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Baba yetu ana umri wa miaka 74 na moyo wake hupiga bila mpangilio, hali ambayo madaktari huiita atiria fibrileshoni. Kwa miaka sita amekuwa akimeza warfarini ili damu isigande ndani ya moyo na kumletea kiharusi. Miezi mitatu iliyopita alianza kulalamika kwamba anaishiwa nguvu, kisha choo chake kikawa cheusi kama lami, na siku ya tatu akaanguka alipojaribu kuinuka kitandani. Alilazwa siku 9, akaongezewa chupa 4 za damu, akafanyiwa endoskopi (kamera inayoingizwa tumboni) iliyoonyesha kidonda, na kipimo chake cha INR, yaani namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwake hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, kilikutwa kimepita 6. Ndipo tulipopata habari kwamba wiki iliyotangulia alikuwa ameumwa jino, akapewa antibiotiki ya metronidazoli na dawa ya maumivu ya diklofenaki, na hakukumbuka kumwambia aliyempa dawa hizo kwamba anatumia warfarini.

Tunamshukuru Mungu kwamba amepona. Hata hivyo, bili ya hospitali imetuachia deni, na deni limeleta mvutano ndani ya familia. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyelipa sehemu kubwa, anasema warfarini iachwe kabisa, kwa kuwa dawa inayomfikisha mtu hospitalini haina faida kwake. Dada yetu anataka Baba ahamishiwe kwenye dawa mpya ambazo hazihitaji kupimwa INR, lakini bei yake kwa mwezi ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya warfarini. Mimi ndiye ninayeweka daftari la matumizi ya familia, na wote wawili wananiuliza ni njia ipi iliyo nafuu.

Nimejaribu kulinganisha bei ya kidonge na bei ya kidonge, nikaona kwamba hesabu hiyo haisemi kweli, kwa sababu warfarini yenye bei ndogo ndiyo iliyotuletea bili kubwa. Naomba kueleweshwa na wenye ujuzi: gharama ya kuvuja damu huhesabiwaje kwa ukamilifu? Na je, hesabu hiyo inaweza kweli kutuongoza katika kuchagua dawa?

Mfamasia_Mstaafu alijibu:

Ndugu Kitindamimba, poleni sana kwa kuuguza, na mfikishie mzee salamu zangu.

Nianze na kaka yako, kwa sababu uamuzi anaoutaka ndio wenye hatari iliyo karibu zaidi. Mtu mwenye mapigo ya moyo ya aina ya mzee wetu ana hatari ya kupata kiharusi inayokaribia mara tano ya ile ya mtu asiye nayo, na warfarini ikitumiwa vizuri huipunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Kuiacha kabisa kunaondoa gharama moja na kufungua mlango wa gharama nyingine, ambayo kwa kawaida ni kubwa na ya muda mrefu zaidi, kwa kuwa mgonjwa wa kidonda cha tumbo hurudi nyumbani akitembea, ilhali aliyepooza upande mmoja huenda akahitaji mtu wa kumhudumia kwa maisha yake yote yaliyobaki. Baada ya tukio kama la mzee, dawa husimamishwa kwa muda, na wengi huirudia baada ya siku 7 hadi 15 hivi, daktari akishahakikisha kwamba kidonda kimetulia. Kama bado hajarudishiwa dawa yoyote baada ya miezi mitatu, mpelekeni kliniki wiki hii bila kusubiri kikao cha familia.

Kuhusu kilichotokea, wengi huziita dawa hizi dawa za kuyeyusha damu, ingawa haziyeyushi chochote. Zinachofanya ni kuichelewesha damu kuganda. Warfarini huvunjwavunjwa na ini, na metronidazoli huzuia sehemu ya kazi hiyo, hivyo warfarini ikarundikana mwilini na INR ikapanda. Diklofenaki kwa upande wake huudhoofisha utando unaolinda tumbo na kuzilegeza chembe ndogo za damu ambazo ndizo huziba jeraha kwanza. Moja ilifungua kidonda na nyingine ikazuia kisifunge. Laiti INR ingepimwa siku tatu hadi tano baada ya kuanza metronidazoli, na maumivu ya jino yakatulizwa kwa parasetamoli ya kiasi, pengine usingekuwa na bili ya kuuliza.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka 31, na kwa uzoefu wangu hakuna dawa nyingine ya vidonge iliyonipa hofu kama warfarini. Utafiti uliofanywa nchini Marekani kwa takwimu za 2007 hadi 2009 ulikadiria kwamba wazee wapatao 99,600 wenye miaka 65 na zaidi walilazwa kwa dharura kila mwaka kutokana na madhara ya dawa, na warfarini peke yake ilihusika katika theluthi moja ya hao, juu ya insulini na juu ya dawa nyingine zote. Miaka michache baadaye, takwimu za 2013 na 2014 zilionyesha kwamba kundi zima la dawa za kuzuia damu kuganda bado liliongoza kwa kuwafikisha watu kwenye vyumba vya dharura, na karibu nusu ya waliofika walilazwa.

Kuhusu dawa mpya anazozitaka dada yako, naomba asizichukulie kuwa kitu kimoja. Katika majaribio makubwa yaliyozilinganisha na warfarini, zote zilipunguza damu kuvujia ndani ya kichwa, na hilo ni jambo zito. Lakini kwa upande wa tumbo na utumbo, rivaroksabani na kipimo kikubwa cha dabigatrani zilivujisha damu zaidi kuliko warfarini, na apiksabani haikuzidi. Kwa mgonjwa ambaye tayari amevuja damu tumboni, tofauti hiyo ni ya kwanza kuangaliwa, kabla hata ya bei. Dabigatrani pia hutolewa mwilini hasa na figo, kwa hiyo mzee mwenye figo dhaifu huweza kurundikiwa nayo.

Iwe dawa gani, ulizeni kuhusu omeprazoli, inayopunguza asidi tumboni, au dawa ya jamii yake. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu zaidi ya wagonjwa milioni 1.6 wa Marekani, waliotumia kinga hiyo ya tumbo pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda walilazwa kwa kuvuja damu ya sehemu ya juu ya tumbo pungufu kwa takriban theluthi moja. Ni kidonge cha bei ndogo, na husahauliwa mno.

Mchumi_wa_Afya alijibu:

Nashukuru kwa swali hili, ndugu Kitindamimba. Umeona mwenyewe kosa linalofanywa hata na taasisi kubwa, yaani kulinganisha bei za vidonge na kuziacha nje gharama zinazofuata baada ya vidonge.

Katika taaluma yetu, jambo la kwanza ni kuuliza hesabu ni ya nani. Tukio lilelile la baba yenu lina bei tatu. Kwa bima, kama ipo, bei ni kile ilichorudisha kwa hospitali. Kwa hospitali, bei ni kitanda cha siku 9, saa za wauguzi, endoskopi, damu iliyotolewa na kupimwa, vipimo vya himoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu) vilivyorudiwa usiku na mchana. Kwa familia, bei ni bili pamoja na yote ambayo hayana risiti. Ripoti nyingi utakazozikuta zimeandikwa kwa jicho la bima au la serikali, na ndiyo maana zinaonekana kutoujua mzigo wa nyumbani. Hazijakosea hesabu, bali zimehesabu mfuko wa mtu mwingine.

Jambo la pili ni aina ya tukio. Watafiti hutumia fasili iliyokubaliwa mwaka 2005, inayoita kuvuja damu kuwa kukubwa pale himoglobini inaposhuka kwa gramu 2 au zaidi katika kila desilita, au mgonjwa anapohitaji chupa 2 au zaidi, au damu inapovujia mahali pa hatari kama ubongo au uti wa mgongo, au mgonjwa anapofariki. Baba yenu anaingia humo bila shaka. Chini yake yapo matukio ya wastani yanayomfikisha mtu kwa daktari bila kulazwa, na chini kabisa yapo madogo, yaani fizi, pua, michubuko. Tumbo na utumbo ndiko damu huvuja mara nyingi zaidi. Ubongo ni nadra zaidi, lakini tukio moja la ubongo lina gharama za kundi jingine kabisa: chumba cha uangalizi maalumu, pengine upasuaji, miezi ya mazoezi ya viungo, na mara nyingi kifo au ulemavu wa kudumu. Kuna pia dawa za kutengua athari. Vitamini K, inayotengua warfarini, ni rahisi lakini huchukua saa nyingi kufanya kazi. Zile zinazotengua haraka, ikiwemo ile ya dabigatrani iliyoidhinishwa mwaka 2015, ni ghali kiasi kwamba dozi moja inaweza kuzidi gharama ya kulazwa kwenyewe, na hospitali nyingi duniani hazina kabisa.

Sasa nije kwenye hesabu ya nyumbani. Nakushauri usitumie fedha kama kipimo, bali utumie siku za kazi. Chukua kipato cha siku moja cha yule anayelipa, kisha kila kitu kigeuze kuwa siku. Bili ya hospitali ni siku ngapi? Waliomuuguza walikosa siku ngapi za kazi, pamoja na siku za likizo walizozitumia, kwa maana likizo iliyotumika wodini haipo tena kwa kupumzika? Mgonjwa mwenyewe alikuwa akizalisha nini kabla? Baada ya kutoka hospitalini kulikuwa na safari na vipimo vingapi? Kama mlikopa, riba ni siku ngapi? Hofu na usingizi uliopotea hatuna njia nzuri ya kuvigeuza kuwa siku, kwa hiyo viandike kwa maneno pembeni ya daftari, kwa sababu vitakuwa na uzito katika uamuzi.

Halafu linganisha dawa kwa mwaka mzima. Katika jaribio lililoilinganisha apiksabani na warfarini kwa wagonjwa 18,201, lililochapishwa mwaka 2011, kuvuja damu kukubwa kulitokea kwa asilimia 3.09 ya wagonjwa kwa mwaka upande wa warfarini na asilimia 2.13 upande wa apiksabani. Tofauti ni karibu mtu 1 katika kila 100. Maana yake ni kwamba ili tukio moja kubwa liepukwe, watu wapatao 100 wanalipia dawa ghali zaidi kwa mwaka mzima. Serikali au bima yenye wanachama wengi inaweza kuiona faida hiyo moja kwa moja kwenye vitabu vyake. Familia moja haiwezi, kwa kuwa aidha tukio litaipata au halitaipata. Ndiyo maana mzigo huu ulifaa kubebwa na kundi kubwa tangu mwanzo, na nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeziona bima zinazolipa kitanda cha mgonjwa aliyevuja damu bila swali, lakini zinakataa kulipa kidonge ambacho kingepunguza uwezekano wa kulala kwenye kitanda hicho.

Fanya hesabu hiyo, ndugu yangu, kisha utuletee matokeo. Usisahau kuondoa upande wa dawa mpya zile safari za kupima INR ambazo hazitakuwepo tena.

Kitindamimba alijibu:

Nawashukuru kwa moyo wote. Kwanza, Mfamasia, nikutoe wasiwasi: warfarini ilirudishwa siku ya kumi na mbili baada ya kutoka hospitalini, na kaka ndiye anayetaka iachwe sasa. Nimemsomea maneno yako kuhusu kiharusi, naye amenyamaza, jambo ambalo kwa kaka ni dalili ya kufikiri.

Nimekaa na daftari siku mbili. Kipimo nilichotumia ni kipato cha siku moja cha kaka. Bili ya hospitali ilikuwa sawa na siku 61 za kazi yake, na hiyo ndiyo namba pekee tuliyokuwa tukibishania wakati wote. Nikaongeza dada, ambaye alitumia likizo yake yote ya mwaka na kisha siku nyingine bila malipo, jumla siku 30. Nikaongeza siku 11 zangu. Baba ni fundi cherehani, na cherehani yake ilifungwa siku 52. Kipato chake kwa siku ni nusu ya kile cha kaka, kwa hiyo nimeandika 26. Safari, vipimo vya kurudia na vidonge vya kuongeza damu vimechukua siku 8. Ukiondoa bili, yaliyobaki yanafika siku 75. Jumla yote ni 136.

Yaani zaidi ya nusu ya gharama ilikuwa haijaandikwa popote, na sehemu kubwa yake ilibebwa na dada, ambaye tulikuwa tukimwambia kwamba hakuchangia chochote.

Kuhusu dawa, apiksabani ingetugharimu kwa mwaka siku 38 zaidi ya warfarini. Baba hupimwa INR kila mwezi na hawezi kwenda peke yake, hivyo nimeondoa siku 12 za anayemsindikiza na siku 4 za ada ya vipimo. Tofauti halisi imebaki siku 22. Je, siku 22 kila mwaka ni halali kulipwa ili kuepuka uwezekano wa siku 136?

Mama_wa_Valvu alijibu:

Naomba niingie, kwa kuwa nazungumza kama mgonjwa.

Mimi nina valvu ya bandia ya chuma kwenye moyo, na kwangu hakuna cha kuchagua. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wenye valvu kama yangu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba walipata damu iliyoganda na kuvuja damu zaidi kuliko waliotumia warfarini. Wenzetu ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi pia walipata matokeo bora zaidi kwa dawa za jamii ya warfarini katika jaribio la mwaka 2022. Nayasema haya kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu dawa mpya hutusahau, kana kwamba gharama zetu zitajimaliza zenyewe siku dawa hizo zitakaposhuka bei.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu damu ndogo ndogo ambazo Mchumi amezipitia haraka. Sijawahi kulazwa kwa kuvuja damu hata mara moja katika miaka 8. Kwa takwimu za hospitali, mimi sina gharama yoyote. Lakini kila mwezi hedhi yangu huja kwa wingi kiasi cha kunifungia ndani siku mbili, nami nimekuwa nikitumia vidonge vya madini ya chuma tangu mwaka wa pili. Nimeacha kazi niliyokuwa nikiipenda kwa sababu ilihitaji kusimama mbele ya watu kutwa nzima. Pua ikianza kutoka damu usiku, haikomi mpaka nusu saa ipite, na watoto hawalali. Nikitaka kung'oa jino, ziara moja ya mtu mwingine kwangu ni ziara tatu.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia daktari kwa miaka mingi. Wiki ambazo damu ilinizidi, nilikuwa nikiruka vidonge. Sikuwa nimeacha dawa, nilikuwa nikijipumzisha, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mwaka wa tano bonge la damu lilianza kujijenga kwenye valvu, na namshukuru Mungu kwamba liligunduliwa mapema. Gharama ya wiki zile mbili wodini iliandikwa kuwa ya damu kuganda, na hakuna aliyeiandika kuwa ya hofu ya kuvuja damu, ingawa chanzo chake kilikuwa hicho. Nadhani wapo wengi kama mimi, ambao damu ndogo huwasukuma kuacha dawa kimyakimya, na gharama yao hujitokeza kwenye safu nyingine kabisa ya daftari.

Ndugu Kitindamimba, muulize mzee, kwa upole na bila kumhukumu, kama naye huruka vidonge.

Mchumi_wa_Afya alijibu:

Dada Mama_wa_Valvu, nimelisoma jibu lako mara mbili, na nakiri kwamba niliyapitia haraka kwa sababu hayana risiti, jambo ambalo mwenyewe nilikuwa nikiwalaumu wengine kwalo. Asante.

Kitindamimba, hesabu yako ni safi. Nitakujibu kwa ukweli, hata kama jibu halitampendeza dada yako. Ukiangalia fedha peke yake, kulipa siku 22 kila mwaka ili kuepuka tukio la siku 136 kunajilipa iwapo tu dawa mpya inapunguza hatari ya tukio hilo kwa takriban asilimia 16 kwa mwaka, yaani watu 16 katika kila 100. Tofauti iliyoonekana katika jaribio, kwa mgonjwa wa wastani, ni mtu 1. Baba yenu si wa wastani, kwa kuwa aliyewahi kuvuja damu ana hatari kubwa zaidi ya kuvuja tena, lakini hata hivyo pengo ni pana.

Hata hivyo, namba ya 136 ni ya damu ya tumbo iliyoisha kwa kupona. Katika jaribio lilelile, damu ya ndani ya kichwa ilikuwa asilimia 0.80 kwa mwaka kwa warfarini na 0.33 kwa apiksabani, na waliofariki kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 3.94 dhidi ya 3.52. Hayo hayageuzwi kuwa siku za mshahara, na sitakuomba ujaribu.

Kwa hiyo swali linalobaki ni moja: je, warfarini ya baba yenu ilikuwa ikidhibitiwa vizuri kabla ya hilo jino? Mgonjwa ambaye INR yake hutulia kati ya 2 na 3 muda mwingi hupata faida kubwa kwa gharama ndogo, na kwake ningesema bakini na warfarini, ongezeni omeprazoli, na mfungeni mkono asipokee dawa ya maumivu bila kuuliza. Lakini kama namba zake hupanda na kushuka kila mwezi, basi mnalipia ulinzi ambao hamuupati. Tafuta kadi yake ya kliniki uhesabu ni mara ngapi alikuwa ndani ya mipaka. Ikiwa ni chini ya theluthi mbili ya vipimo, mpelekee daktari kadi hiyo.

Mfamasia_Mstaafu alijibu:

Nikubaliane na Mchumi, kisha nitoe tahadhari moja tu. Ikiwa daktari ataamua kubadilisha, dawa mbili zisimezwe pamoja hata siku moja kwa kudhani kwamba ya zamani inamaliziwa. Warfarini huachwa kwanza, INR hupimwa, na apiksabani huanza inaposhuka chini ya 2. Na mzee aelezwe kwamba kinga ya apiksabani humalizika mwilini upesi kuliko ile ya warfarini, ndiyo maana humezwa mara mbili kwa siku, hivyo kuruka dozi kunamwacha bila kinga ndani ya muda mfupi. Familia ikikwama kifedha katikati ya mwaka, mwambieni daktari mapema arudishe warfarini kwa utaratibu. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mpya kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, kwa hiyo ulizeni pia kama zinapatikana kupitia huduma za umma au bima kabla ya kuzinunua wenyewe.

Kitindamimba alijibu:

Kadi ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya kitambaa. Ina vipimo 24 vya miaka miwili iliyopita, na kati ya hivyo, 11 tu ndivyo vilivyo kati ya 2 na 3. Tisa viko chini ya 2, na vinne viko juu ya 3. Nilimuuliza Baba kama dada Mama_wa_Valvu alivyoelekeza. Alikaa kimya kwanza, kisha akasema kwamba fizi zikitoka damu wakati wa kupiga mswaki alikuwa akiacha vidonge siku mbili tatu, na zikikoma alikuwa akimeza viwili kwa mpigo ili kufidia.

Daktari ameiona kadi jana. Ameridhia apiksabani pamoja na omeprazoli, kwa sharti kwamba figo zipimwe kwanza na kwamba Baba asijifidie dozi tena. Bima ya dada inagharamia sehemu ya dawa, jambo ambalo hatukuwahi kuuliza kwa kuwa bei ya warfarini haikutulazimu, na tofauti tunayopaswa kulipa imeshuka hadi siku 13 kwa mwaka. Kaka amesema atalipa siku 7 kati ya hizo, mimi nitalipa 6, na dada asiguswe mpaka likizo yake ya mwaka ujao ipite. Kipimo cha figo ni Jumatano, na majibu yakitoka nitayaandika hapa.